Magarimoshi madogo ya mvuke: Fedha iko kwa anayejua kufunga rimoti

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotafuta mahali pa kuweka fedha zao baada ya mavuno wanashauriwa kuitazama, kwa makini na kwa tahadhari, biashara ambayo haijazoeleka Afrika Mashariki: kufunga rimoti katika magarimoshi madogo yanayotembea kwa mvuke halisi. Soko hili ni dogo na wateja wake ni wachache, lakini wana fedha. Injini moja yenye urefu wa mkono inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki nzima, na mnunuzi akailipa bila kulalamika.

Kwa mkazi wa Jorodom jambo hili linaweza kuonekana kama habari ya mbali. Wilaya za Mbulu na Hanang hazina reli, na shilingi ya huko inazunguka kwenye ng'ombe, mahindi, ngano, mbaazi na vitunguu saumu. Lakini bidhaa hii haihitaji reli ya serikali. Inahitaji fundi anayejua kulehemu waya mwembamba bila kuuchoma, ambaye anaelewa betri na ana subira. Fundi wa aina hiyo anapatikana katika kila senta ambako redio na taa za sola hutengenezwa. Swali la kibiashara ni kama ujuzi wake unaweza kuuzwa katika soko hili bila mtaji wake kupotea.

Jina la Hanang, kwa kweli, liliwahi kutembea juu ya reli. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kililetea Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki injini 34 za mvuke za daraja la 59. Zilikuwa injini kubwa za aina ya Garratt, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, na zilitumia mafuta mazito badala ya makaa. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na mojawapo ikaitwa Mount Hanang. Injini hizo zilivuta mizigo hasa katika njia ya Mombasa na Nairobi, na mbili kati yake, namba 5918 na 5930, zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971.

Historia hiyo ina maana kwa mfanyabiashara. Reli za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zina upana wa mita moja. Reli ndogo za bustanini zinazopendwa Ulaya na Marekani zina upana wa milimita 45, na kipimo chake maarufu, kilichoenezwa na kampuni ya LGB ya Ujerumani tangu mwaka 1968, ni moja kwa 22.5. Ukigawa milimita 1,000 kwa 22.5 unapata takriban 44.4. Maana yake ni kwamba reli hiyo ya bustanini ni reli ya Afrika Mashariki iliyopunguzwa. Injini ya daraja la 59, ambayo ilikuwa na urefu wa karibu mita 32, kwa kipimo hicho inakuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 40.

BIDHAA YENYEWE

Mgeni katika soko hili asichanganye bidhaa mbili. Ipo treni ya kuchezea inayotembea kwa umeme au betri, ambayo huuzwa kwa wingi na faida yake kwa kipande ni ndogo. Na lipo garimoshi dogo la mvuke halisi, ambalo ni mtambo kamili: lina boila ya shaba nyekundu, maji, moto wa gesi ya butani au wa spiriti, silinda, pistoni na vali ya usalama. Likiwashwa, huchukua dakika kadhaa kupata presha, kisha huanza kutembea kwa nguvu ya mvuke kama yale makubwa.

Tatizo la mtambo huu ni uendeshaji. Garimoshi lisilo na rimoti huwekewa mvuke kwa mkono na kuachiwa. Likifika kwenye mwinuko hupungua kasi au kusimama. Likifika kwenye mteremko hukimbia, na kwenye kona huanguka. Mwenyewe hulazimika kulifuata bustanini akiwa ameinama, akifungua na kufunga vali ambayo tayari ina moto wa kuunguza vidole.

Hapo ndipo rimoti inapoingia. Wazo la kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni la zamani. Nikola Tesla alionyesha mashua iliyoongozwa hivyo jijini New York mwaka 1898. Kwa magarimoshi, kilichobadilisha mambo ni kushuka kwa bei na ukubwa wa vifaa. Rimoti za zamani za masafa ya megahezi 27 na 40 zilikuwa na taabu moja kubwa: wenye magarimoshi wawili wakitumia chaneli moja, mmoja aliweza kuliendesha garimoshi la mwenzake bila kukusudia. Tangu katikati ya miaka ya 2000 zimeenea rimoti za gigahezi 2.4, ambazo hujifunga na kipokezi kimoja tu, na usumbufu huo umepungua sana.

Kampuni ya Hornby ya Uingereza ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2003 ilitoa garimoshi dogo sana la mvuke ambalo maji yake yalichemshwa kwa umeme uliopita kwenye reli, na amri za kuongeza au kupunguza mvuke zikipitia humo humo. Lilisifiwa kwa ubunifu, lakini halikudumu sokoni. Wapenzi wa mvuke wengi wamebaki na injini kubwa zaidi zenye moto wake zenyewe, na rimoti ya redio imebaki kuwa njia ya kawaida ya kuziongoza.

NANI ANANUNUA

Mteja mkuu ni mtu mzima, mara nyingi mstaafu, mwenye bustani na akiba, huko Uingereza, Ujerumani, Marekani, Australia na nchi nyingine za aina hiyo. Wapo watengenezaji wanaojulikana, kama vile Roundhouse ya Uingereza, inayouza injini zake ama za kuendeshwa kwa mkono ama zenye rimoti iliyofungwa kiwandani, na Accucraft, ambayo injini zake hutengenezwa China. Injini mpya za daraja la kati kwa kawaida huvuka paundi 1,000, na nyingine huvuka paundi 2,000.

Umri wa mteja ndio unaoendesha soko la rimoti. Mtu aliyenunua injini ya mkono akiwa na miaka 50, akifika 70 magoti yanagoma. Hataki kuiuza injini anayoipenda, wala hataki tena kuikimbiza. Anachotafuta ni mtu wa kumfungia rimoti, ili akae kitini na chai yake huku garimoshi likimtii.

Vilevile lipo soko la mitumba. Injini za watu waliofariki au waliochoka huuzwa kwenye minada, maonyesho na matangazo ya wanachama wa vilabu. Nyingi kati yake hazina rimoti. Mwenye jicho zuri huweza kununua injini nzima ya mkono, akaifunga rimoti, akaiuza. Hata hivyo, hesabu ya biashara hiyo si nyepesi kama inavyosikika, kama itakavyoonyeshwa hapa chini.

KAZI YA KUFUNGA

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Kwanza ni rimoti ya mkononi na kipokezi chake. Pili ni sevo mbili, yaani mota ndogo zinazogeuza mkono mfupi kwa pembe inayoamriwa na kusimama hapo. Tatu ni betri, ambayo mara nyingi ni seli nne za kuchaji za nikeli zenye jumla ya volti 4.8. Nne ni swichi, waya na vijiti vya chuma vya kuunganisha.

Sevo ya kwanza hufungua na kufunga vali inayopeleka mvuke kwenye silinda. Hii ndiyo kasi. Sevo ya pili huvuta mkono wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Moto wa gesi kwa kawaida huachwa ukirekebishwa kwa mkono.

Ufundi wenyewe uko kwenye vipimo. Vali ikifika mwisho wakati sevo bado inasukuma, sevo hulalamika, hupata joto na kumaliza betri ndani ya muda mfupi. Fundi mwenye uzoefu hurekebisha urefu wa kijiti na tundu la kukifungia hadi mwisho wa sevo na mwisho wa vali vikutane. Akimaliza, rimoti ikiwekwa sifuri mvuke hufungwa kabisa, na ikifunguliwa kidogo garimoshi huondoka taratibu bila kuruka.

Jambo la pili ni usalama wa mawimbi yanapokatika. Vipokezi vingi vya kisasa vinaweza kufundishwa mahali pa kuiweka sevo endapo mawasiliano yatapotea. Kwa garimoshi la mvuke mahali hapo ni pamoja tu: vali ifungwe. Fundi anayekabidhi kazi bila kuzima rimoti mbele ya mteja na kumwonyesha kwamba garimoshi linasimama, hajamaliza kazi. Ikumbukwe pia kwamba kipokezi kikikosa betri hakina nguvu ya kuifunga vali. Kwa hiyo betri ichajiwe kabla ya kila safari.

Ipo pia injini isiyofaa kufungwa rimoti. Baadhi ya magarimoshi ya bei nafuu hayana vali ya kupunguza mvuke. Yanakwenda kasi moja hadi maji au moto uishe. Kuifunga injini hiyo sevo bila kwanza kuiwekea vali ni kupoteza fedha.

JOTO, MAFUTA NA MAJI

Adui wa vifaa vya redio ni garimoshi lenyewe. Boila inayofanya kazi kwa presha ya pauni 40 kwa inchi ya mraba ina mvuke wenye joto la takriban digrii 140 za sentigredi. Betri na plastiki ya sevo haziwezi kukaa karibu na joto hilo kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, silinda hupewa mafuta mazito yanayotoka na mvuke, na maji machafu yenye mafuta hurukia kila kona.

Kwa sababu hiyo vifaa huwekwa mbali na boila kadiri inavyowezekana: chini ya sakafu ya chumba cha dereva, ndani ya matangi ya pembeni ambayo hayabebi maji, kwenye behewa la makaa nyuma ya injini, au kwenye behewa la kwanza linalofuata. Antena ya kipokezi nayo isifichwe nyuma ya chuma, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi. Sevo pekee ndizo hukaa karibu na vali, na hukingwa kwa kuacha nafasi ya hewa au kuwekewa kizuizi cha joto.

Njia ya kuweka betri na kipokezi kwenye behewa linalofuata ina faida kubwa ya kibiashara. Injini haiguswi sana, na vifaa vinaweza kuhamishiwa injini nyingine. Katika soko la watu wanaothamini asili ya kitu, hilo linageuka kuwa fedha.

TUNDU MOJA LINAWEZA KULA FAIDA YOTE

Mnunuzi wa mitumba huigeuza injini chini juu kabla ya kutaja bei. Anatafuta matundu. Injini iliyotobolewa kwa keekee ili kupitisha waya, au iliyokatwa sakafu ili sevo iingie, hupoteza thamani hata kama rimoti yake inafanya kazi vizuri, kwa sababu haiwezi tena kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Injini iliyofungwa rimoti kwa kutumia matundu ya skrubu yaliyokuwapo, na ambayo vifaa vyake vyote vinaweza kuondolewa kwa bisibisi katika nusu saa, huvutia wateja wa pande mbili: anayetaka rimoti na asiyeitaka.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa soko zima. Rimoti huongeza bei pale inapoweza kuondolewa bila kuacha alama.

Kitu kingine kinachoangaliwa ni hati ya kupimwa kwa boila. Vilabu vingi haviruhusu injini kuwashwa kwenye reli zao bila ushahidi kwamba boila na vali ya usalama vimekaguliwa. Injini ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kuwa ghali kuliko ilivyoonekana.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano. Tarakimu zake ni za kufafanulia hesabu, si bei za soko. Mtu aishiye Uingereza ananunua injini ya mkono ya mtumba kwa paundi 900. Rimoti na kipokezi chake ni paundi 60, sevo mbili paundi 20, betri, swichi na waya paundi 20. Ametumia paundi 1,000. Akiiuza kwa paundi 1,100, amepata paundi 100 kabla ya kuhesabu siku zake za kazi, tangazo na posta. Ni asilimia 10, na fedha imelala kwenye kabati hadi mnunuzi apatikane. Akitoboa tundu baya na kuiuza kwa paundi 850, amepoteza paundi 150 pamoja na jasho lake.

Sasa tuchukue fundi wa pili. Huyu hanunui injini. Mteja humletea ya kwake, hulipia vifaa vyote vya paundi 100, na humlipa fundi paundi 80 za kazi. Fundi amepata paundi 80, na mtaji wake ni vyombo alivyo navyo tayari. Injini ikikaa miezi 3 bila kupata mnunuzi, hilo halimhusu. Tofauti ya paundi 20 katika faida inalipwa mara nyingi na usalama wa mtaji.

Hesabu hiyo inajibu swali la mwekezaji mdogo. Katika bidhaa hii anayefunga hupata fedha kwa utulivu zaidi kuliko anayenunua na kuuza.

USHURU NA KIBALI

Mfanyabiashara wa Tanzania anayefikiria kuagiza injini hizo ili aziuze nyumbani akae kwanza na kalamu. Chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizokamilika kwa kawaida hutozwa asilimia 25. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayohesabiwa kwenye thamani pamoja na ushuru. Mzigo wenye thamani ya Sh. 3,000,000 pamoja na bima na nauli unaweza kutozwa ushuru wa Sh. 750,000, kisha kodi ya Sh. 675,000. Jumla inafika Sh. 4,425,000 kabla ya tozo ndogo ndogo, ukiwamo ushuru wa maendeleo ya reli ulioanzishwa mwaka 2015. Hivyo hata garimoshi la kuweka mezani linachangia ujenzi wa reli. Viwango vikaguliwe katika ofisi ya TRA kabla ya kuagiza, kwa kuwa hubadilishwa katika bajeti.

Rimoti nayo ni chombo cha redio. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini viko chini ya usimamizi wa TCRA, ambayo huidhinisha aina ya kifaa. Anayetaka kuleta rimoti nyingi kwa ajili ya kuuza apate jibu la maandishi kutoka mamlaka hiyo kabla ya kulipia mzigo. Jibu la mdomo halisaidii mzigo ukishazuiwa.

Usafirishaji una masharti yake. Mikebe ya gesi ya butani haibebwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Betri za lithiamu za akiba hubebwa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na zina ukomo wa ukubwa. Betri za nikeli zina masharti mepesi zaidi, na hiyo ni sababu moja ya mafundi wengi kuendelea kuzitumia. Injini iliyowahi kutiwa gesi inaweza kukataliwa na msafirishaji hata kama mwenyewe anaapa kwamba tangi ni tupu.

JORODOM INAINGIA WAPI

Hadi hapa msomaji wa Jorodom ameona kwamba kuagiza injini ni kuufunga mtaji katika bidhaa isiyo na wateja wa karibu. Mtu aliyeuza ng'ombe zake na kuziweka fedha hizo kwenye garimoshi la kioo cha kabati huko Katesh atakuwa amenunua pambo. Ng'ombe angeweza kuuzwa mnadani wakati wowote. Garimoshi litamsubiri mnunuzi ambaye huenda yuko Doncaster.

Zipo njia mbili zenye hatari ndogo zaidi. Ya kwanza ni ya mwenye ndugu au rafiki anayeishi Ulaya au Marekani na aliyekwisha kuingia katika vilabu vya watu hawa. Huyo ndiye akae karibu na mteja, apokee injini na afunge rimoti. Aliye nyumbani amtengenezee sehemu zinazohitaji muda na mikono: vibao vya kushikilia sevo, vijiti vya kuunganisha, na masanduku ya kufunika kipokezi yasiingie mafuta. Ni vitu vyepesi ambavyo posta yake haiumizi.

Njia ya pili ni behewa la betri. Imeelezwa kwamba vifaa vya rimoti vinaweza kukaa kwenye behewa linalofuata injini. Behewa hilo ni sanduku lenye magurudumu, na linaweza kutengenezwa kwa mbao na bati kwa mfano wa mabehewa ya mizigo ya reli ya Afrika Mashariki, likiwa na paa linalofunguka, nafasi ya seli nne na tundu la swichi. Kwa kuwa reli ya milimita 45 inalingana na reli yetu ya mita moja, behewa la namna hiyo halitakuwa la kubuni. Litakuwa la kipimo sahihi. Mpenzi wa injini za Afrika Mashariki aliyeko ng'ambo ana mahali pengi pa kununua mabehewa ya Kiingereza na Kijerumani. Ya kwetu ni machache mno.

Hata hapa tahadhari inahitajika. Magurudumu ya kipimo sahihi ni heri yanunuliwe kwa wauzaji wa bidhaa hizo kuliko kuchongwa kwa kubahatisha, maana behewa linaloanguka kwenye kona hurudishwa kwa gharama ya aliyelituma. Vipimo vichukuliwe kutoka kwenye behewa lenyewe au michoro yake, si kutoka kwenye picha. Na litengenezwe moja kwanza, lijaribiwe kwenye reli ya mteja, ndipo la pili lianze.

Wilaya ya Hanang ina kumbukumbu yake kuhusu mitambo. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970 yalileta matrekta na mashine za kuvunia kutoka mbali. Wakazi wanajua kwamba mashine bila vipuri na bila fundi ni chuma. Somo hilo linafaa hata kwa mashine inayobebwa kwapani.

USHAURI WA WIKI

Fundi redio anayetaka kujaribu asianze na injini. Anunue rimoti moja ya gigahezi 2.4 yenye kipokezi, sevo mbili na seli nne. Achukue koki ndogo ya maji iliyochakaa, aifunge kwenye ubao pamoja na sevo, na ajifunze kuifungua robo, nusu na yote bila sevo kulalamika. Azime rimoti na kuona kama koki inajifunga. Aweke betri na kupima inadumu kwa muda gani. Ubao huo, ukipigwa picha vizuri, ndio utakuwa cheti chake mbele ya mteja asiyemjua.

Mwekezaji asiye fundi asubiri. Soko la kuagiza na kuuza magarimoshi haya Afrika Mashariki bado halijaonyesha wateja wa kutosha kubeba ushuru, nauli na muda wa kusubiri. Kama lazima aingie, amkopeshe fundi fedha ya vyombo na ya ubao wa mazoezi, ambayo ni kidogo, na alipwe kutokana na kazi itakayopatikana.

Kwa ufupi: injini zenyewe, usinunue bila mteja mkononi, injini za mtumba ng'ambo, nunua tu iwapo hazina matundu na boila ina karatasi, kazi ya kufunga kwa malipo, ingia, mabehewa ya betri ya mtindo wa Afrika Mashariki, tengeneza moja na usubiri jibu la sokoni.